Panya wa Ghala la Pamba

Ghala la pamba lilipofungwa, waliotoka mle walikuwa wa aina mbili, watu na panya. Watu walitoka kwanza. Walipita mbele ya nyumba yetu mchana kweupe, saa ambayo siku zote walikuwa kazini, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaorudi kutoka makaburini. Panya walifuata baadaye, na wao hawakuona haya kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi.

Baba alikuwa mmoja wa wale watu. Alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika, stoo kipa kama alivyopenda kujiita, na kazi hiyo aliianza kabla mimi sijazaliwa. Tulikaa Mkolani, ng'ambo ya barabara kutoka ghalani, mahali ambapo enzi hizo palikuwa bado nusu mji nusu shamba. Kila msimu wa pamba magari yalipanga foleni kushusha mzigo, na sisi watoto tulirudi kutoka kuchezea pale tukiwa na nyuzi nyeupe vichwani. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walikwenda na mizani zao huko huko vijijini, wakainunua pamba kabla haijafika kwa ushirika, na msimu mmoja tukashtukia kwamba magari hayaji. Ghala lilibaki na marobota machache ya mwaka uliopita, halafu na magunia matupu, halafu na kufuli.

Sisemi kwamba soko huria lilimwonea kila mtu. Wapo waliotajirika, na mjini kulijaa mitumba na redio na sabuni za kila rangi. Lakini nyumbani kwetu liliingia na sura ya baba amekaa kibarazani asubuhi, suruali ya kaki imepigwa pasi, kalamu mfukoni, anatazama barabara. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa kwanza, msichana, na sura ile niliichukia. Niliichukia kwa sababu iliniogopesha.

Aliyetulisha wakati huo ni mama, na alitulisha kwa viazi vitamu. Mama alikuwa Msukuma wa Kwimba, binti wa watu wanaoijua njaa kwa jina na kwa ukoo. Kila mwaka alilima viazi na kunde kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kilichoshuka hadi bondeni. Viazi vikikomaa tulivimenya, tukavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya jiwe kubwa lililokuwa uani kwetu, mpaka vikauke na kugongana kama vigae. Hiyo ndiyo michembe. Majani ya kunde aliyachemsha na kuyakausha pia, yakawa nsansa. Vyote viliingia ndani ya kihenge, kapu kubwa la fito lililokandikwa udongo na samadi, lililosimama juu ya mawe katika banda la jiko ambamo moshi ulikifikia kila siku. Michembe ikichemshwa na karanga, mtu anashiba mpaka jioni. Mwaka ule, pamoja na mapanki, yale mabaki ya samaki yaliyouzwa kwa watu kama sisi baada ya viwanda kuondoa minofu, hatukuwa na chakula kingine cha kutegemea. Kihenge kile kilitakiwa kutufikisha kwenye viazi vya mwaka mwingine. Mama alitwambia hivyo waziwazi, nasi hatukuwa watoto wa kuambiwa mara mbili.

Kwao mama, kihenge ni cha mwanamke. Mume atakata fito, atakisuka, atabeba mzigo kutoka shamba, lakini kikishajazwa hatii mkono wala hachungulii. Akitaka kujua kimebaki kiasi gani anauliza, na mke anamjibu kadiri anavyoona inafaa. Mama aliwahi kunieleza sababu. Mwanamume akiona kihenge kimejaa anakaribisha wageni, akiona kimepungua anakosa usingizi na kukosesha wengine, na vyote viwili vinamaliza chakula.

Baba hakuwa na taabu na mwiko huo, maana hakuujali. Yeye alikuwa Mhaya, na kwao chakula hakiwekwi ghalani. "Kwetu chakula kinasimama kwa miguu yake mlangoni," alikuwa akisema. "Ukitaka unakwenda kukikata." Miaka yote ya ndoa yao alikula michembe kwa adabu ya mgeni, akiiita magome ya mti, na wajomba zangu wakamwita mla ndizi. Ulikuwa utani wa kawaida na hakuna aliyeumia. Ila leo nikifikiri naona kwamba mtu aliyekulia kwenye migomba hakuwahi kufundishwa kuogopa kihenge. Ghala alilijua, tena sana, lakini ghala la pamba.

Panya waliotujia hawakuwa wale wa siku zote. Wa siku zote tulikuwa nao, wawili watatu, na mama aliwamudu. Aliinua kihenge juu ya mawe, akanyunyiza majivu kati ya tabaka moja la michembe na jingine, akaweka majani ya mwarobaini, akafagia jiko kila baada ya chakula asibakize hata punje. Kila msimu alikandika upya mahali palipopasuka. Tulikuwa na paka pia, jike lenye mkia uliokatika, na kwa miaka mingi hayo yote yalitosha.

Hawa wa ghalani walikuwa wakubwa, wa kahawia, wamenenepa kwa mbegu za pamba, na walikuwa hawana mahali pengine pa kwenda. Baba alipowaona mara ya kwanza wakivuka barabara mmoja mmoja machweo, alicheka kicheko kibaya. Alisema na hao nao wamepunguzwa kazi. Paka wetu alipambana nao siku chache, akachanwa sikio, kisha akahamia kwa jirani ambako maisha yalikuwa mepesi. Ndipo tulipoanza kukuta magamba ya michembe sakafuni kila asubuhi, na udongo wa kihenge umetobolewa. Mama alikandika, wao wakatoboa. Alikandika tena na udongo uliochanganywa na pilipili. Wakatoboa. Wanasema panya wengi hawachimbi shimo, lakini aliyetunga methali hiyo hakuwahi kukaa karibu na ghala lililofungwa.

Nilimwona mama akipima kwa macho. Kila alipochota alisimama kidogo, ameshika mfuniko wa nyasi, midomo ikitembea. Alianza kutupunguzia, akidai kwamba tumbo likijazwa sana linapata uvivu. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka kama minne na tabia ya kutembea na kipande cha mchembe mdomoni kama pipi, alianza kuchapwa kwa kosa ambalo zamani lilikuwa ni raha yake.

Jioni moja, tukiwa tunakula, baba aliweka kijiko chini.

"Mama watoto," alisema, "hiyo kazi niachie mimi. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

Mama alikuwa amemshika mdogo wetu mapajani na akaendelea kumlisha. Nilijua anafikiria kihenge na mkono wa mwanamume. Mwishoni alisema sawa, na akasema bila kumtazama usoni, kama mtu anayempa mwenzake nguo aliyokuwa ameivaa yeye.

Kesho yake baba hakukaa kibarazani. Alivaa ovaroli lake la ghalani na akaanza kazi. Alikata bati la debe akalizungusha kwenye kila jiwe la kihenge ili panya ateleze. Alisaga chupa, akachanganya vigae vyake na saruji aliyoomba kwa fundi, akaziba kila tundu la banda. Alitengeneza mitego kwa waya na ubao. Alitembea akikagua, mikono nyuma, na asubuhi alitusomea taarifa ya waliokamatwa kana kwamba mama ni meneja wake na sisi ni bodi. Alianza kula vizuri. Alianza hata kutania. Alisema kule ghalani panya walimsalimia kwa cheo. Tulicheka, na mama alicheka mpaka akajifuta macho, na mimi nilifurahi kiasi kwamba nilikwenda kujificha nyuma ya nyumba nikalia. Sikujua mpaka wakati ule jinsi nyumba ilivyokuwa imeniminya.

Lakini panya anajifunza. Baada ya muda mitego ilibaki mitupu, na chambo cha pumba hakikuguswa. Matundu mapya yakatokea. Baba akaenda sokoni mjini akarudi na kichupa cha sumu alichonunua kwa wamachinga. Karatasi yake ilikuwa na maandishi ya kigeni ambayo hata yeye, aliyejivunia Kiingereza chake, hakuweza kuyasoma. Alisema haidhuru, sumu ya panya ni sumu ya panya, na amewahi kutumia nyingi kuliko hiyo.

Alieleza jinsi walivyofanya ghalani. Panya hali kitu asichokizoea. Kule walizoea mbegu za pamba, kwa hiyo waliloweka mbegu hizo hizo katika sumu, wakazikausha, wakazimwaga katikati ya marobota. Panya hatambui kitu. Hapa walikuwa wamezoea michembe, basi dawa iwe michembe. Alimwomba mama bakuli moja.

Mama alichota mwenyewe, akampa akiwa amesimama mlangoni mwa jiko. Nilikuwa pale nikipepeta karanga. Aliuliza swali moja tu.

"Hawatabeba?"

Baba alisema panya anakula chakula pale pale anapokikuta. Kule ghalani ndivyo ilivyokuwa. Na huenda ndivyo alivyoamini, kwa sababu kule ghalani hapakuwa na sababu ya kujua. Wabebe wasibebe, wakafie chini ya robota lipi, haikumhusu mtu yeyote. Pamba hailiwi.

Aliloweka vipande vile ndani ya kopo, akavianika upande wa chini wa jiwe letu, mbali na watoto na kuku, akakaa kuvilinda mwenyewe mpaka vikakauka. Vilipokauka havikuwa na rangi wala harufu yoyote. Ungeviweka mkononi pamoja na vingine usingevitofautisha. Jioni alivipanga chini ya kihenge na pembezoni mwa ukuta, na mlango wa jiko akaufunga kwa waya.

Asubuhi panya walikuwa wamelala uani, wengine barabarani, mmoja kwenye sufuria tupu. Baba aliwaokota kwa koleo na kuwachoma. Chambo chote kilikuwa kimekwisha, naye akahesabu hiyo kuwa ushindi, kwamba wamekula hakikubaki kitu. Akaomba bakuli jingine, na baadaye jingine. Majirani walikuja kumuuliza dawa yake. Aliwaeleza kwa kirefu, kalamu imerudi mfukoni, na siku moja nikamsikia akimwambia mtu kwamba anafikiria kuifanya iwe shughuli, azunguke mitaani hadi Butimba akiwaulia watu panya. Usiku panya hawakusikika tena. Tulilala.

Harufu ilianza taratibu. Mara ya kwanza tulidhani ni mapanki. Mama aliosha vyombo vyote, akafagia, akafukua majivu ya mafiga. Harufu ikabaki. Asubuhi moja, baada ya kutugawia michembe yetu na chai ya rangi, alirudi jikoni kuchota ya mchana, na nikamsikia amenyamaza. Najua kunyamaza hakusikiki, lakini mama alikuwa na desturi ya kujisemesha akiwa jikoni, na ghafla hakuwa akijisemesha. Nilikwenda. Alikuwa ameingiza mkono mpaka begani, shavu limelalia ukingo wa kihenge, na alipoutoa alikuwa ameshika panya jike aliyeoza, na vitoto vyake vimemganda.

Tulimimina kihenge chote kwenye mkeka. Chini kabisa, pale udongo ulipokutana na jiwe moja, nyuma ya lile bati, walikuwa wametoboa njia. Na kuzunguka kiota kulikuwa na lundo la vipande vya michembe vyenye alama za meno, vimebebwa kutoka nje na kuwekwa akiba. Vingine vilikuwa vimepanda juu, vimechanganyika na vyetu. Panya wale walikuwa wa ghalani, nao walijua kutunza ghala. Mama aliokota kipande kimoja, akakigeuza, akaokota kingine. Vilifanana. Vyote vilifanana.

Kisha akanitazama, na wote wawili tukakumbuka wakati mmoja kwamba tumetoka kula.

Sitaki kurefusha habari ya siku ile. Mdogo wetu alikuwa uani na kipande mdomoni. Mama alimkamata na kumchokonoa koo kwa kidole mpaka akatapika, naye akawa analia akidhani anaadhibiwa kwa wizi. Baba alikimbilia zahanati, akarudi na maneno tu, kwamba tutazamwe, na anayetapika mwenyewe au kutoka damu puani apelekwe. Jirani alitoa maziwa, kila mmoja akanywa kikombe, maana watu walisema maziwa yanaua sumu. Tulikaa kwenye mkeka kivulini, sisi watoto wanne na wazazi wetu, tukitazamana. Sikuwahi kuwatazama wadogo zangu kwa makini namna ile. Niliona kila kovu. Baba alikaa pembeni kidogo ya mkeka, si juu yake, na kila mtoto alipokohoa alinyanyuka nusu.

Hakuna aliyeugua. Jua lilipozama mama alisema tumshukuru Mungu, na baba akaitikia amina kwa sauti isiyotoka.

Kesho yake walichimba shimo. Baba alichimba, mama akamimina. Michembe yote, nsansa yote, hata karanga zilizokuwa kwenye kikapu pale karibu. Mama alimwagia mafuta ya taa juu yake kabla ya kufukia. Nilimuuliza kwa nini, akasema kuna watu mtaani wenye njaa kuliko sisi, na wakijua kuna chakula chini watafukua. Udongo ulipojaa alikanyagakanyaga juu, kama tunavyofanya kwa mtoto mchanga aliyezikwa, ili mbwa wasifukue. Baba alikwenda kurudisha koleo la jirani na hakurudi hadi jioni.

Nilibaki na mama pale shimoni. Nilikuwa nimekumbuka swali lake la mlangoni na lilikuwa linanikereketa.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua inaweza kutokea," alisema. "Sisi hatuweki sumu penye chakula. Hata mtoto wa kwetu anajua."

"Sasa kwa nini ulimpa?"

Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Baba yako alikuwa anakufa pale kibarazani," alisema. "Wewe hukuona?"

Niliona. Ndiyo maana nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kuliko baba, kwa sababu baba alikosea kwa kutojua, lakini yeye aliweka kwenye mizani chakula chetu na mgongo wa mume wake ulionyooka, akachagua. Tungekufa. Leo nimepita umri aliokuwa nao siku ile, nimeolewa na kuona mwanamume akikaa bila kazi, na bado sijaweza kusema kama alifanya vema. Siku nyingine nasema ndiyo. Siku nyingine namwona mdogo wangu na kile kidole mdomoni.

Kwa majirani mama alisema panya wamekula chote. Alisema hivyo kisimani, kanisani, kwa kila aliyeuliza kwa nini jiko letu halitoi moshi. Waliobobea katika umbea walishangaa, si mumewe alisema panya wamekwisha? Mama akajibu kwamba walirudi, tena wengi. Hivyo baba akawa mtu aliyeshindwa na panya badala ya mtu aliyetia sumu chakula cha wanawe, na kati ya hayo mawili mama aliona la kwanza linabebeka. Baba alisikia kila neno. Alikuwa amerudi kibarazani. Ovaroli lilining'inia msumarini mpaka mama akalitoa na kulikata madekio.

Tuliishi kwa mapanki na majani ya porini, na ugali mwembamba pale unga ulipopatikana. Wadogo zangu waliacha kucheza. Ndipo baba akasema atakwenda kuhemea, yaani kuomba chakula kwa ndugu, na ndugu wenyewe ni wakwe zake, kule Kwimba. Mama alisema atakwenda yeye. Baba alikataa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikiwa na nguvu tangu siku ya shimo. Basi mama akaamua niende naye, kwa sababu kwao mkwe wa kiume hasemezani na mama mkwe ana kwa ana, na lazima awepo mtoto wa kupeleka maneno. Alitufungia dagaa kidogo, maana mkono mtupu haulambwi. Akanivuta kando akaniambia kwamba wakiuliza, niseme panya. Niwahi kusema kabla baba hajafungua mdomo.

Tulifika mchana. Babu alitupokea, nikampa shikamoo, akatwambia kalibuni, kalibuni, na wajomba wakaanza utani wao wa ndizi mpaka walipotuona vizuri, wakaacha. Bibi alikaa mbali kidogo, amempa baba mgongo kama desturi ilivyotaka, anachambua kunde. Babu aliuliza hali ya nyumbani. Nikawahi kama nilivyotumwa. Nikasema panya wa ghalani wametumalizia kihenge.

Babu alisikitika kweli. Alisema panya hana adabu, hata yeye mwaka fulani walimla akabaki na vumbi, na mkwe asione aibu, hiyo ni mitihani ya dunia. Alimmiminia baba maneno ya faraja, moja baada ya jingine, na nilidhani yamekwisha salama.

"Baba, si panya," baba alisema. "Ni mimi. Niliweka sumu ndani ya michembe kuwaulia panya, wakaibeba wakaiingiza kwenye kihenge. Tumezika chakula chote."

Wajomba waliinamisha vichwa. Babu akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Binti yangu ndiye aliyekutuma useme hivi?"

"Hapana. Yeye ametutuma tuseme panya."

"Amekufichia aibu."

"Amenifichia," baba alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe zake, mtu mzima, Mhaya, na kalamu yake mfukoni. Sijui nani alimwambia aende na ile kalamu.

Bibi alikuwa ameacha kuchambua. Hakugeuka. Aliniita kwa mkono, nami nikasogea, lakini alisema kwa sauti ya kufika kule baba alikokaa.

"Muulize baba yako kama watoto wote wapo."

Niligeuka, ingawa alikuwa amesikia. "Baba, bibi anauliza kama watoto wote wapo."

"Mwambie wote wapo."

"Wote wapo, bibi."

Bibi aliinuka, akaingia jikoni kwake, tukasikia mfuniko wa kihenge ukiondolewa. Kesho yake asubuhi gunia lilikuwa limejaa na limeshonwa mdomo.

Njiani baba alitazama mbele tu. Nilidhani anajuta, halafu nikadhani amepumzika, na kwa kweli sikumjua. Tulipokaribia nyumbani aliweka gunia chini, akajinyoosha mgongo, akasema tu kwamba nimsikilize yeye atakavyojibu. Mama alitoka kutupokea na swali lake tayari usoni. Hakutazama gunia kwanza. Alimtazama baba.

"Waliuliza?"

"Waliuliza," baba alisema. "Tukasema panya. Babu yao akasema pole, hata yeye yaliwahi kumpata."

Mama akanigeukia. Nilijua ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Tulisema panya."

Alishusha pumzi ndefu. Akasema afadhali, akachukua kisu akaanza kukata uzi wa gunia, akisema peke yake jinsi ndugu zake wasivyojua kushona. Baba alimsaidia kulifikisha mpaka mlangoni mwa jiko, kisha akasimama nje, akasubiri amalize kumimina.